Shukrani kwa kaka wa mitumba Darajani

Asalaam alaykum jamani. Namtafuta kaka mmoja anaeuza mitumba pale Darajani, jina sikumuuliza, ujinga wangu.

Mwezi wa 2 nilikuwa nachagua kisweta chepesi cha safari ya Kitulo, kule bara kati ya Mbeya na Njombe, akaniuliza unaenda wapi dada nikamwambia naenda kuangalia maua, akacheka weee halafu akanipokonya kile kisweta mkononi, "hichi kitakuua, mie nimekaa Makete, baridi ya kule si mchezo". Akainama chini ya meza akatoa koti zito na mabuti ya mpira. Koti nimelipa, mabuti akakataa pesa kabisa, eti ukirudi utanirejeshea.

Wallahi kama si yeye! Tumepanda zile kona 57 za Chimala, juu kule ni zaidi ya mita 2,600, ukungu, mie mtoto wa pwani meno yanagongana. Na maua yenyewe ndo hutoka msimu wa mvua, Novemba mpaka Aprili, kwa hiyo tope hulikwepi. Wenzangu wenye raba wakabaki garini, mie nikachuchumaa majanini naangalia okidi moja ndogo, tone la mvua limetulia ndani yake kama kwenye kikombe. Wenyewe wanapaita Bustani ya Mungu, sikuwabishia.

Kaka, nimekuja mara tatu sikukuti. Mabuti nimeshayaosha na halua nimekuwekea, ila fanya haraka, wanangu washaiona.