Ribriza bila mtungi wa dharura si usalama

Mhariri,

Wapo wanaowashawishi wapiga mbizi wetu waache mitungi ya kawaida wanunue ribriza, yaani kifaa kinachosafisha pumzi na kuirudisha kinywani, kwa hoja kwamba gesi haiwaishii kilindini. Kuhusu gesi wanasema kweli. Mita 60 chini, presha ni bar 7, mara saba ya ile ya juu ya maji. Anayevuta lita 20 kwa dakika juu ya maji atavuta 140 huko, zote zipotee kwenye mapovu. Mitungi miwili ya lita 12 yenye bar 200 ina lita 4,800. Ukitumia theluthi kwenda, ukabakiza theluthi ya kurudi na nyingine ya mwenzako, baada ya dakika 11 hivi lazima ugeuke. Mwenye ribriza hutumia takriban lita moja tu ya oksijeni kwa dakika, kina chochote kile.

Tofauti iko kwenye kuharibika. Regulata, yaani kifaa cha kuvutia gesi ya mtungini, ikileta hitilafu, mara nyingi unajua papo hapo: inamwaga gesi kwa kishindo au pumzi inakuwa nzito. Ribriza huharibika kimya. Presha ya oksijeni unayovuta ikishuka chini ya bar 0.16 unaweza kuzimia bila dalili, ikipita 1.6 degedege linaweza kukushika. Daktari Andrew Fock wa Australia alichambua vifo 181 vya watumiaji wa ribriza, vya 1998 hadi 2010, akakadiria hatari kuwa mara 4 hadi 10 ya ile ya mitungi ya kawaida.

Sensa za ribriza zinazopima oksijeni huwa tatu, na kompyuta hufuata mbili zinazokubaliana. Zikinunuliwa siku moja huzeeka pamoja, kisha mbili mbovu huishinda nzima. Badilisheni kwa zamu. Mkiwa mita 6, jazeni kifaa oksijeni tupu: sensa isiyokaribia bar 1.6 itupwe, hata kama juu ya maji ilisoma vizuri.

Hewa ukaa ndiyo tunayoihofia zaidi. Chokaa ya kuinasa ikipakiwa kwa ulegevu, pumzi hupata upenyo na kupita bila kusafishwa. Kuianika chokaa iliyotumika ili itumike tena ni kujitafutia kifo. Na hata chokaa ikiwa mpya, gesi nzito na kazi ngumu hukuzuia kutoa hewa ukaa mapafuni. David Shaw alifariki hivyo Januari 2005 katika pango la Boesmansgat, Afrika Kusini, mita 270 chini, akijitahidi kuutoa mwili wa Deon Dreyer, aliyefia humo 1994.

Aliyezidiwa na hewa ukaa huhema mno, kiasi kwamba kuacha kinywa cha ribriza kwa sekunde chache tu ili ashike regulata ya mtungi wa dharura kunaweza kumshinda. Akifaulu, atavuta lita 40 kwa dakika au zaidi, yaani 280 kwenye mita 60. Mtungi wa lita 11 wenye bar 200 haumfikishi dakika ya 8, na vituo vya kusimama njiani kupanda, ili naitrojeni ipungue mwilini, bado vinamngoja.

Kwa hiyo tunawaomba wenye boti: kabla mtu wa ribriza hajashuka, mwambieni awaonyeshe hesabu ya gesi yake ya dharura, kutoka kina cha mwisho hadi juu, kwa lita 40 za dakika. Akikosa hesabu hiyo, asishuke.

Wakufunzi wa kupiga mbizi,
Mombasa