Stadi za mazungumzo hazipimwi kwa kalamu

Mhariri,

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika shule ya sekondari ya kutwa, na ninakuandikia kwa Kiswahili makusudi, kwa kuwa wazazi ninaotaka wanisome ndio hao wanaolisoma gazeti lako. Wengi wao hawajui kwamba katika mtihani wa kitaifa wa Kidato cha Nne, KCSE, uwezo wa mtoto wao wa kuzungumza Kiingereza hupimwa kwa maandishi.

Karatasi ya kwanza ya Kiingereza ina alama 60, na nusu yake, yaani alama 30, imetengewa stadi za kusikiliza na kuzungumza. Hata hivyo, katika chumba cha mtihani hakuna anayesikiliza wala anayezungumza. Mtahiniwa hupewa neno kama "knight" aandike jingine linalotamkwa sawa nalo, huambiwa aonyeshe mkazo unakaa kwenye silabi gani, hujaza mapengo katika mazungumzo ya watu wawili, kisha hueleza kwa hoja fupi fupi jinsi ambavyo angejiandaa kwa mahojiano ya kazi au angetamba hadithi mbele ya hadhira. Mwenye kumbukumbu nzuri hupata alama zote bila kufungua kinywa.

Mwaka mmoja nilikuwa na msichana wa Kidato cha Nne ambaye katika mtihani wa majaribio aliandika hoja zote zilizotakiwa kuhusu namna ya kuihutubia hadhira: kuitazama machoni, kupandisha na kushusha sauti, kutumia ishara za mikono. Nilimpa alama zake zote, naye alistahili. Wiki hiyo hiyo tulitembelewa na mgeni, nikampendekeza yeye atoe neno la shukrani kwenye gwaride. Alisimama akitazama viatu vyake, akasema sentensi mbili ambazo hata waliokuwa safu ya mbele hawakuzisikia, akarudi mahali pake huku akilia. Nilijilaumu mimi kabla ya kumlaumu yeye, maana kwa miaka minne nilikuwa nimemfundisha orodha ya majibu.

Ninaijua sababu ya kufanya hivyo, na sidhani kwamba niko peke yangu. Matokeo yakitoka, kinachobandikwa kwenye ubao wa matangazo na kusomwa katika mkutano wa wazazi ni wastani wa somo, na mwalimu ambaye wastani wake umeshuka huitwa ofisini kujieleza. Hakuna aliyewahi kuniita kuniuliza kama wanafunzi wangu wanaweza kujadiliana. Ndiyo maana muhula wa kwanza wa Kidato cha Nne haujaisha, tayari midahalo imesimamishwa na vipindi vyake vimegeuzwa kuwa vya kupitia karatasi za miaka iliyopita.

Jibu ambalo nimelisikia mara nyingi ni kwamba watahiniwa ni wengi mno kupimwa mmoja mmoja. Ni kweli kwamba mwaka 2024 walizidi 960,000, na Kiingereza hufanywa na takriban wote. Lakini Baraza la Kitaifa la Mitihani (KNEC) si geni katika kazi hii: mwanafunzi anayefanya Kifaransa, Kijerumani au Kiarabu katika mtihani huo huo huketi mbele ya mtahini akaulizwa na kujibu kwa mdomo. Kwa hiyo kijana wa Kenya hupimwa mazungumzo katika lugha ambazo huenda asizitumie tena baada ya shule, ilhali ile atakayohojiwa nayo akitafuta kazi, na ambayo masomo yake karibu yote yamefundishwa kwayo, hupimwa kwa kalamu. (Kiswahili nacho kinadai haki hiyo hiyo, ila hilo nawaachia wenzangu wa idara ile.)

Ninayaandika haya sasa kwa sababu mfumo wa elimu wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu) unafunga ukurasa wake wa KCSE mwaka 2027, na wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi, walioingia Gredi ya 10 Januari 2026, watamaliza sekondari pevu (Gredi ya 10 hadi 12) mwaka 2028. Mtaala huo unajinadi kwa kumpima mtoto kwa anayoweza kutenda. Katika tathmini ya mwisho wa sekondari msingi (Gredi ya 7 hadi 9), kazi zinazopimwa shuleni tayari huchangia asilimia 20 ya alama, na walimu huzituma kwa Baraza kupitia mtandao, kwa hiyo njia ya kupitishia alama za mazungumzo ipo.

Ombi langu ni kwamba kila mwanafunzi wa sekondari pevu asikilizwe na mwalimu wake kwa dakika tano kila muhula, sauti irekodiwe kwa simu, na Baraza lichague sampuli kutoka kila shule isikilizwe upya na walimu wa kaunti nyingine, maana sisi walimu pia tuna tamaa ya wastani mzuri na hatupaswi kuaminiwa bila kukaguliwa. Darasa la wanafunzi 50 litahitaji dakika 250, yaani vipindi sita vya dakika arubaini na kidogo zaidi. Niko tayari kuvitoa katika vile ninavyotumia sasa kuwakaririsha wanafunzi kwamba hadhira hutazamwa machoni.

Mwalimu wa Kiingereza,
Kaunti ya Makueni