Daktari wa kijijini aendelee kutoa dawa

Mhariri,

Wapo wanaotaka daktari aandike dawa tu, mgonjwa akazinunue dukani. Lakini mgonjwa wa Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, anayeandikiwa dawa tu huenda akazifuata mjini, akanunua nusu dozi kwa pesa aliyo nayo. Daktari anayetoa dawa mwenyewe huziba pengo hilo.

Mtoto wa kilo 5 hadi 14 mwenye malaria isiyo kali humeza kidonge 1 cha artemetha-lumefantrini (cha miligramu 20/120) palepale, cha pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni siku 2 zinazofuata: jumla 6, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta. Akitapika ndani ya saa moja, dozi hurudiwa. Dukani nani atamwona?

Serikali iwapunguzie madaktari hawa ada ya leseni, iwape kipimajoto cha stoo (dawa hii isizidi nyuzi 30) na daftari la tarehe za kuisha muda.

Matabibu, Moroto