Bata wa Mawimbini

New Jersey, Marekani
Januari

Wapendwa Baba na Mama,

Shikamooni. Mimi ni mzima, kazi inaendelea vizuri. Mama, juzi kwenye simu uliniuliza nafuata nini baharini wakati huu ambapo watu wamejifungia ndani kwa baridi. Sikukujibu vizuri, ndiyo maana nawaandikia.

Nafuata bata. Hawa ni bata wa baharini, wanaoshinda na kulala kwenye maji ya chumvi majira yote ya baridi. Jumamosi niliamka kabla ya alfajiri nikaenda Barnegat Light, penye mnara wa taa uliowashwa mara ya kwanza mwaka 1859. Chini yake kuna ukuta wa mawe makubwa ulioingia baharini. Mawe yakilowa yanateleza mno, lakini Baba usiwe na wasiwasi, mimi hupita mchangani.

Bata wenye mkia mrefu niliwasikia kabla ya kuwaona, maana madume wao hawanyamazi. Hao huweza kupiga mbizi hata mita 60. Kisha wakapita bata wengine waitwao eida, wazito, wakiruka karibu waguse maji. Eida humeza kome na magamba yake, firigisi ikasaga. Jike anapotaga hujinyonyoa manyoya laini ya kifuani akayatandika kiotani ili mayai yasipate baridi. Niliposoma hilo, Mama, nilikumbuka blanketi lako ulilonifungia kwenye begi.

Ila niliyemwendea hasa ni bata aitwaye halekwini. Ni mdogo, dume lake lina rangi ya wingu la mvua, ubavu wa hudhurungi, na mistari myeupe kama aliyechorwa kwa chokaa. Hapendi maji matulivu. Anakaa palepale wimbi linapopasukia jiwe, linamfunika, nasema amekwisha, halafu anaibuka ametulia kabisa. Mifupa ya bata hawa hukutwa na alama za kuvunjika na kuunga. Niliwaona wanane, nikasimama nao hadi vidole vikafa ganzi.

Halekwini hawa wa upande wa mashariki wa Amerika Kaskazini walikuwa wamebaki wachache sana, hata mwaka 1990 Kanada ikawaweka kati ya viumbe walio hatarini kutoweka. Kuwawinda kukapigwa marufuku, nao wakaanza kuongezeka. Nashukuru kwamba nimewakuta.

Jambo moja halinitoki. Mito ya Quebec na Labrador, huko Kanada, wanakozalia sasa imeganda, nao wamekuja huku kufuata joto. Joto! Mwaka wangu wa kwanza baridi hiihii niliitazama dirishani, nikihesabu siku.

Kabla masika haijakolea watakuwa wameshaondoka, kwa hiyo Jumamosi nitarudi. Picha niliyoambatanisha haikutoka vizuri kwa sababu ya upepo. Yule wa kahawia mwenye doa jeupe nyuma ya jicho ndiye jike, yuko kushoto, nusu ndani ya povu.

Wasalimieni wadogo zangu wote.

Mwanenu