Barua ya wazi kwa mtoto wa ami: Nyanya na kipimo cha PET

Ndugu yangu, assalamu alaykum.

Nimeusoma ujumbe wako kwenye grupu la familia. Unataka nyanya apelekwe Nairobi wiki hii akapigwe PET, picha ya mwili ya kuonyesha kama saratani yake ya pafu imeenea, na waliokujibu "mtu wa miaka 88 picha ya nini tena" wamekuudhi. Wameniudhi na mimi. Umri peke yake haumnyimi mtu kipimo. Lakini haraka yako nayo siikubali mpaka tujibu jambo moja: picha ikishatoka, tutafanya nini ambacho tusingefanya bila hiyo picha?

Kwenye kipimo hiki mgonjwa hudungwa sukari iliyotiwa mionzi kidogo. Saratani nyingi hula sukari kwa pupa, ndiyo maana penye uvimbe huonekana panawaka. Shida ni kwamba kifua kikuu nacho huwaka, jipu huwaka, hata kidonda kinachopona. Kwa kifua cha nyanya, doa moja likiwaka pafuni halitoshi kusema ugonjwa umeenea; huenda wakataka kumchoma sindano ya kifua watoe kinyama wakapime.

Halafu ifikirie siku yenyewe. Kutoka Kibokoni mpaka stesheni ya Miritini na msongamano wetu wa Mombasa, kisha treni, safari ya kama saa tano. Kabla ya sindano asile kwa muda wa saa sita hivi, maji matupu tu, naye ana kisukari. Sukari yake ya damu ikipanda kupita 11 (mmol/L), wanaweza kuahirisha. Ile sukari ya mionzi nayo haingoji, kila dakika 110 nguvu yake hubaki nusu. Akishadungwa alale kimya karibu saa nzima, hata mazungumzo yapunguzwe, maana misuli inayofanya kazi nayo hula sukari. Kisha mashineni, mikono juu ya kichwa, dakika 20 au zaidi. Nyanya, ambaye kwa bega lile hata leso siku hizi anatandwa na mjukuu! Wahudumu waambiwe mapema. Mikono ikiwekwa chini inawezekana, ila picha hupungua ubora kidogo.

Mionzi usiihofie sana. Madhara yake ya kuleta saratani nyingine huchukua miaka mingi kujitokeza. Siku hiyo tu watoto wachanga na waja wazito wasimkalie karibu.

Faida ipo, tena kubwa, pale panapongojewa uamuzi. Kama daktari anafikiria upasuaji au mionzi ya kuponya, PET inaweza kuonyesha kwamba ugonjwa umeshatoka pafuni, na nyanya akaepushwa kisu kisichomfaa. Ikionyesha uko mahali pamoja, basi ana haki ya kutibiwa kama mtu mwingine yeyote. Kabla ya hapo apimwe nguvu zake: anavyokula, anavyotembea, kumbukumbu, dawa anazomeza. Kuna maswali manane yanayoitwa G8, alama zake 17. Anayepata 14 kushuka chini huchunguzwa kwa kina zaidi kabla ya kuamua matibabu. Muulize daktari kama yamefanywa.

Linaloniuma ni kwamba mpaka leo hakuna aliyemwambia nyanya jina la ugonjwa wake. Tunasema "kifua", tunasema "uvimbe kidogo", naye anatutazama tu. Najua unamwonea huruma. Lakini huyu ndiye aliyeuguza wazazi wetu wote na kuwaosha maiti wa mtaa mzima. Hatushindwi kumwambia kwa upole. Akisema upasuaji hautaki wala mionzi haitaki, basi PET haina kazi, na fedha hizo zitumike kwa dawa za maumivu na mtu wa kumsaidia usiku. Akisema anataka kupigana, nami nitapigana naye.

Jumamosi baada ya alasiri njoo tuzungumze naye, mimi, wewe na ami, bila watoto. Kama atakubali kwenda, nitafuatana naye. Wewe niletee faili lake, picha za CT (zile za eksirei za tabaka tabaka) za mwanzo na majibu ya figo, tena uliza kliniki ya kisukari dawa ya asubuhi aimeze vipi siku hiyo.