Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Wenye Ardhi na Wenye Nyundo

Wanachama wenzangu,

Hesabu atawasomea mweka hazina, na ya semina anayo katibu. Mimi nimekuja na jambo moja tu, kukosekana kwa jamii za wafugaji katika chama chetu cha jiolojia, nalo linaanza na kosa langu mwenyewe.

Kambi yetu ya uwandani mwaka huu ilikuwa magharibi mwa Ziwa Turkana. Usiku wa kwanza niliwatambulisha watu tukiwa tumezunguka moto: profesa, daktari, wanafunzi wa mwaka wa nne, dereva, mpishi. Nilipofika kwa kijana mwenyeji nikasema, "Na huyu ni wa kutuonyesha njia." Sikumtaja jina. Asubuhi yake, kwenye ukingo wa laga, mto mkavu wa msimu, mwanafunzi mmoja alikuwa anahangaika kutofautisha majivu ya volkano yaliyogeuka udongo na mchanga mweupe ulioshikamana. Yule kijana akaokota kipande, akakivunja, akakigusisha ulimi. "Hiki kinanata. Kile cha juu hakinati." Kweli kilinata: ndicho kilichokuwa udongo. Kijana huyo amewafanyia kazi watafiti msimu baada ya msimu tangu alipomaliza shule. Fomu yetu ya uanachama haina nafasi ya kuandika kazi hiyo.

Sasa tazameni majina tunayoyatamka kwenye makongamano: Nachukui, Kataboi, Lomekwi, Lokalalei, Kalochoro, Kaitio, Nariokotome. Matabaka ya miamba tumeyapa majina ya sehemu za Waturkana, na wakiitwa Waturkana wenyewe waje mbele, ukumbi huu unabaki kimya. Wagabra, Warendille, Wasamburu na Wamaasai nao hali yao si tofauti sana.

Si kwamba wenyeji na vibarua hawakuwahi kuchangia. Mwaka 2011, watafiti waliopotea njia huko Lomekwi walisaidiwa na Mturkana, Sammy Lokorodi, kuviona vifaa vya mawe ambavyo baadaye vilithibitishwa kuwa na umri wa miaka milioni 3.3. Na kabla yake kuna Kamoya Kimeu, Mkamba aliyeanza kama kibarua wa kuchimba miaka ya 1950, akaja kuiona mifupa ya binadamu wa kale anayeitwa mvulana wa Turkana kando ya mto Nariokotome mwaka 1984. Sokwe wa kale, Kamoyapithecus, amepewa jina lake. Lakini kupewa jina ni kitu kimoja na kupewa kiti ni kingine.

Tumezoea kusema vijana wa huko hawana hamu ya jiolojia. Mimi mwenyewe niliyasema hayo mbele ya kamati. Tulitangaza ufadhili, hakuna aliyeomba kutoka kaskazini, tukafunga faili. Baadaye mwalimu mmoja wa sekondari akanipigia simu, akaniuliza kwa upole: mwombaji anatakiwa aandikiwe barua na wanachama wawili wa chama chenu, je, huku kwetu nimtafute nani? Sikuwa na jibu. Tulikuwa tumefunga mlango kwa ndani halafu tukalalamika kwamba hakuna anayebisha.

Yapo na mengine. Mvua ziligoma misimu mitano mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, na nyumba ambayo karo yake ni mbuzi haikuwa tena na mbuzi. Mwanafunzi wa namna hiyo umwambie anunue buti, dira, kioo cha kukuzia na nyundo, tena alipie kambi kabla haijaanza! Halafu kuna sura yetu sisi wenyewe machoni pa watu. Huko Olkaria, kaya za Wamaasai zilihamishwa mwaka 2014 kupisha mradi wa umeme wa mvuke wa ardhini, na malalamiko yao yakafika Benki ya Dunia. Mtoto aliyekua akiona kwamba mwenye nyundo, yaani mwanajiolojia, akipita, baada yake huja vigingi vya kupimia na notisi ya kuhama, atatamani vipi kuwa mwenye nyundo?

Na wanaoingia hawakai. Msichana mmoja wa Marsabit, mwanachama mwanafunzi, aliacha kuhudhuria. Nilimtafuta. Hakulalamikia masomo. Alisema kila akifika anaulizwa kama huku ameingia kwa pasipoti, kila mtu anacheka, na anatarajiwa naye acheke. Wazee wake bado husema "naenda Kenya" wanapoteremka Nairobi. Sisi tukaligeuza neno hilo kuwa mzaha wa chai. Tena kambi ya Turkana tuliipanga katikati ya Ramadhani, na futari hakuna aliyeikumbuka isipokuwa mpishi.

Kwa hiyo kamati imechukua hatua. Vifaa vya uwandani sasa ni vya kuazima, viko kwenye sanduku la bati ofisini, na katibu ana daftari lake. Tarehe za kambi zitapangwa baada ya kuangalia kalenda za dini. Kila ripoti ya kambi itawataja kwa majina yao kamili wenyeji waliofanya kazi ya kitaalamu, ndani ya orodha ya timu. Ule mtindo wa "tunawashukuru pia wenyeji" mwisho wa ukurasa tumeuacha.

Wapo wanaonung'unika kwamba tunashusha viwango. Mtihani wa kuchora ramani unabaki palepale, na atakayeshindwa ameshindwa. Tunachobadilisha ni nani anaruhusiwa kufika kwenye chumba cha mtihani. Ibara ya 56 ya Katiba ya 2010 inaidai Serikali nafasi maalumu za elimu na ajira kwa makundi yaliyotengwa. Sioni kwa nini chama cha wataalamu kingoje kusukumwa.

Linabaki moja lililo mikononi mwenu. Kamati inapendekeza sharti la barua mbili za wanachama liondolewe, na misimu ya kazi ya uwandani ihesabiwe kuwa uzoefu hata kama mtu alilipwa kama kibarua. Badiliko hili linahitaji theluthi mbili ya kura. Mwaka jana kufikia saa nane nusu ya ukumbi ilikuwa imeshapanda matatu kurudi nyumbani. Kura itapigwa kabla ya chakula.