Ukungu wa kijani kwenye mahindi yako

Morogoro

Shoga yangu mpendwa,

Salaam nyingi kwako na nyumba nzima. Sisi huku hatujambo. Barua yako nimeipata, na swali lako halikunitoka kichwani: ukiona ukungu kwenye mahindi ya ghalani, utajuaje wenye sumukuvu na usio nayo? Nakujibu kwa kirefu, maana kuvu hii ndiyo kazi yangu na naipenda, hata inapotudhuru.

Jenasi yake ni Aspergillus, ya familia ya Aspergillaceae, na spishi zake zinazidi 400. Jina ililipata mwaka 1729 kwa Pier Antonio Micheli, padri na mtaalamu wa mimea wa Florence, Italia. Chini ya hadubini aliona umbo lililofanana na kinyunyizio cha maji ya baraka kinachotumika kanisani, na hadi leo ndilo tunalolitafuta.

Natamani ungeliona mwenyewe. Kwenye uzi wa kuvu kuna seli moja nene, tunaiita seli ya mguu. Hapo huchomoza shina lililonyooka, na ncha yake huvimba ikawa kichwa. Kichwa hicho kimefunikwa na seli ndogo zinazoitwa fialidi, na kila fialidi huzaa konidia, yaani chembe za uzazi za kuvu, moja baada ya nyingine. Iliyo changa huwa chini, iliyotangulia husukumwa juu, hadi minyororo mizima inasimama. Vumbi la rangi unaloliona kwenye punje ni konidia hizo.

Spishi tunazitenganisha kwa mpangilio huo. Aspergillus fumigatus ina safu moja tu ya seli, tena kwenye nusu ya juu ya kichwa, na rangi yake ni kijani cha kijivujivu. Joto la nyuzi 50 inalistahimili. Aspergillus niger ni nyeusi, kichwa chake ni mviringo kamili, na kati ya kichwa na fialidi kuna safu nyingine ya seli. Ya kwako, kwa jinsi ulivyoieleza, nadhani ni Aspergillus flavus: kijani cha kuelekea manjano, shina lenye vipelevipele, konidia za mikromita 3 hadi 6 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita).

Lakini kuijua spishi hakutoshi, shoga yangu. Ndani ya flavus hiyohiyo wapo wanaotoa aflatoksini nyingi, ndiyo sumukuvu uliyoniuliza, na wapo wasiotoa hata chembe. Wengine huunda vibonge vyeusi vigumu vya kuvumilia ukame. Wenye vibonge vidogo, chini ya mikromita 400, tunawaita aina ya S, na kwa kawaida ndio wakali zaidi. Mwaka 2004 huko Kenya, Makueni na Kitui zikiumia kuliko kwingine, watu 125 walikufa kwa mahindi yenye sumu hiyo, na watafiti walipoyachunguza wakakuta aina ya S imetawala. Tena Wajapani hutengeneza mchuzi wa soya kwa Aspergillus oryzae, ndugu wa karibu kabisa wa flavus, na hawadhuriki. Wale flavus wasio na sumu nao tunawatumia: ndio waliomo kwenye Aflasafe, bidhaa inayomwagwa shambani ili wawazidi nguvu wenye sumu.

Kwa hiyo usiniambie tena kwamba utaosha mahindi, ukoboe, usonge ugali, mambo yaishe. Moto wa jikoni hauimalizi aflatoksini, na punje inayong'aa yaweza kuwa nayo. Punje zilizooza na zilizotobolewa na wadudu zitoe, wala usiwape kuku. Yaliyobaki yaanike juu ya turubai, si chini kwenye udongo, mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5.

Kisha niletee sampuli tupime. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo. Usichote juu ya gunia moja tu: sumu hukaa kwenye punje chache zilizotawanyika, kwa hiyo chukua kidogo kidogo kila gunia, juu, katikati na chini, uchanganye vizuri. Usiweke kwenye mfuko wa nailoni, tumia wa karatasi. Watoto wasile mahindi hayo kabla sijakupa majibu, tafadhali.

Msalimie shemeji na mama.

Rafiki yako akupendaye